Kompyuta Mpakato Kuukuu Ikipewa Kazi ya Wanasayansi

Wengi wetu tunayo nyumbani, au tunamjua aliye nayo: kompyuta mpakato ndogo ya zile zilizoingia sokoni kuanzia mwaka 2007, kioo inchi saba, tisa au kumi, kibodi ya kubana vidole, na mara nyingi prosesa ya Intel Atom. Asus Eee PC ndiyo iliyofungua njia, Acer Aspire One ikafuata mwaka 2008, na baada ya hapo karibu kila kampuni ikatoa ya kwake. Leo hazina soko. Ukifungua kurasa mbili za intaneti inakwama, video haichezi bila kukatika, na fundi ukimpelekea anakuuliza kama huna nyingine. Ila bado inawaka, na mwenyewe anaona uchungu kuitupa.

Watu wa namna hii huuliza kama inafaa kuiwekea BOINC, ikawa inawakokotolea wanasayansi huku imetulia juu ya kabati. Inafaa, kwa masharti. Mipangilio inayokuja na programu hiyo inafikiria mashine yenye nguvu kuliko yako, na kioo kidogo nacho kina vituko vyake.

Kwa asiyeifahamu, BOINC ni programu ya bure iliyoanzishwa na David Anderson katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mradi wenye hesabu nyingi huzikatakata vipande vidogo. Kompyuta yako inapakua kipande, inakikokotoa, inarudisha jibu na kuchukua kingine. Mradi uliowavuta watu wengi zaidi mwanzoni ulikuwa SETI@home, wa kusaka dalili za viumbe wenye akili huko angani, ulioanza tarehe 17 Mei 1999 na kuacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020. Ambao ungali unaendelea na una matunda ya kuonyesha ni Einstein@Home. Agosti 2010 wanasayansi wake walitangaza kugunduliwa kwa pulsa, yaani nyota nzito inayozunguka kwa kasi na kutuma mawimbi ya redio, iliyopewa jina PSR J2007+2722. Ilikutwa ndani ya data za darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, na kompyuta zilizoikuta ni za mume na mke wa Iowa, Marekani, pamoja na za bwana mmoja wa Mainz, Ujerumani. Watu wa kawaida tu.

Sisi wa huku tulikuwa na mradi wa karibu zaidi. Malariacontrol.net ulikuwa wa taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Basel, Uswisi, ile ile yenye uhusiano wa miongo mingi na Ifakara, Tanzania, na uliingia chini ya mpango wa Africa@home uliozinduliwa mwaka 2006 kwa ushirikiano na CERN. Kompyuta za watu zilikokotoa jinsi malaria inavyoenea katika jamii, na nini kingetokea ikiletwa chanjo au vyandarua. Ulifungwa mwaka 2016. Kwa maoni yangu ni mradi uliostahili kutangazwa zaidi Afrika Mashariki kuliko ulivyotangazwa.

Kazi hii haina mshahara. Unapata pointi zinazoandikwa kwenye akaunti yako na basi. Anayekuahidi fedha kwa kuiacha kompyuta ikiwaka usiku kucha anauza kitu kingine.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo wengi wanajidanganya. Kibandiko cha chaja ya Aspire One ya mwanzo kimeandikwa volti 19, ampea 1.58, yaani wati 30. Hicho ni kiwango cha juu ambacho chaja inaweza kutoa. Matumizi halisi ya mashine, kioo kikiwa kimezimwa, yako chini ya hapo sana. Tuseme inakula wati 12. Kwa saa 24 na siku 30 unapata uniti 8.64. Ukipiga kwa shilingi 350 kwa uniti, ni kama shilingi 3,000 za Tanzania kwa mwezi. Si nyingi, lakini si bure, na kwa mteja wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, uniti nane au tisa zinaweza kumvusha mpaka.

Sasa angalia jambo moja la kiufundi linalobadilisha hesabu yote. Prosesa ya Atom N270 iliyomo ndani ya nyingi ya mashine hizi ilitengenezwa kwa kikomo cha joto cha wati 2.5 tu. Vichipu vinavyoizunguka, vya michoro na mawasiliano, vinakula zaidi kuliko prosesa yenyewe. Maana yake ni kwamba kuikokotosha mashine kwa nguvu zote kunaongeza wati chache tu juu ya zile ambazo tayari inakula ikiwa imewaka bila kazi. Kinachogharimu ni kuwaka kwenyewe. Kwa hiyo, kama mashine yako inawaka hata hivyo, labda inapiga muziki dukani, inahifadhi mafaili ya familia au mtoto anajifunzia kuchapa, iwekee BOINC bila wasiwasi. Sayansi inapata hesabu kwa nyongeza ndogo mno. Ila kama utaiwasha mchana na usiku kwa ajili ya BOINC peke yake, ujue kwamba simu ya Android ya miaka ya karibuni inakokotoa zaidi kwa umeme mdogo zaidi, na BOINC ya simu ipo. Yenyewe kwa kawaida husubiri simu iwe kwenye chaja, betri ifike asilimia 90, na waifai iwepo. Usinunue mashine kuukuu kwa ajili ya kazi hii.

Umeamua kuendelea? Kabla ya kuweka programu yoyote, fungua mashine. Vumbi la miaka kumi na tano limejikunja kwenye mapezi ya kupoozea kama blanketi, na feni inazunguka bure. Fundi yeyote mzuri atalipuliza, atabadilisha ile dawa nyeupe au ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea, na atakuambia kama feni imechoka. Wengi hudhani joto ni hatari kwa mashine tu. Ni hatari kwa majibu pia. Prosesa au memori iliyopata moto kupita kiasi hukosea hesabu bila kuzima, na kwenye ukurasa wako wa mradi utaona kazi zimeandikwa kuwa si sahihi. Miradi mingi hutuma kipande kimoja kwa kompyuta mbili na kulinganisha majibu, kwa hiyo kosa lako litagunduliwa, lakini umeme umeshakwenda na kazi itatumwa kwa mwingine upya.

Betri nayo itazame. Ikiwa imevimba, hata kidogo, itoe na usiirudishe. Ikiwa nzima lakini haishikilii chaji zaidi ya dakika kumi, iache: dakika hizo kumi zinatosha kuivusha mashine umeme unapokatika na kurudi.

Kuna kidude kingine kidogo kinachowasumbua watu bila wao kujua, nacho ni betri bapa ya saa, mara nyingi ya aina ya CR2032, iliyomo ndani. Ikifa, kila ukichomoa mashine, tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Seva za miradi huzungumza na kompyuta yako kwa njia ya usiri inayotegemea vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayodhani tuko mwaka 2008 itavikataa vyote, na BOINC itakuambia tu kuwa imeshindwa kuwasiliana. Mtu atahangaika na intaneti, atamlaumu mtoa huduma, kumbe ni betri ya bei ya soda. Kwa sababu hiyo hiyo ya vyeti, usiweke toleo la BOINC la zamani ulilolikuta kwenye sidii; linabeba orodha ya vyeti iliyopitwa na wakati.

Halafu mfumo endeshi. Mashine nyingi za aina hii zilikuja na Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Kuiingiza intaneti mchana na usiku ni kukaribisha wezi. Weka Linux nyepesi. Hapa angalia prosesa yako: N270 na N280 ni za biti 32 peke yake, ilhali N450 na ndugu zake waliokuja mwaka 2010 wanamudu biti 64. Debian 12 bado inakubali kuwekwa kwenye mashine za biti 32, na antiX 23 iliyojengwa juu yake ni nyepesi zaidi. Debian 13 ya mwaka 2025 imeachana na uwekaji wa namna hiyo, kwa hiyo usipakue toleo jipya zaidi kwa kudhani kuwa jipya ndilo bora. Kwenye Debian, BOINC inapatikana humo humo kwenye ghala la programu. Huna haja ya kuitafuta mitaani.

Suala la biti ndilo litakalokuchagulia mradi. Miradi mingi imeacha kabisa kutengeneza programu za biti 32. Kabla ya kujiunga, fungua ukurasa wa mradi unaoorodhesha programu zake na utafute maandishi i686-pc-linux-gnu. Yakiwepo, mashine yako ya Linux ya biti 32 ina nafasi. Ukikuta x86_64 peke yake, usijisumbue. Utajiunga, utasubiri, na hakuna kazi itakayokuja. Mradi wa Rosetta@home wa Chuo Kikuu cha Washington, unaochunguza maumbo ya protini, ni wa kuvutia, hasa baada ya David Baker, ambaye maabara yake ndiyo chimbuko la mradi huo, kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024, lakini kazi zake zinataka memori kubwa na si za mashine yenye gigabaiti moja. Kazi za LHC@home zinazohitaji kompyuta bandia ndani ya kompyuta, nazo ziache. Ningeanza na Einstein@Home, nikikuta programu ya biti 32 kwenye orodha yao siku hiyo.

Jiunge na mradi mmoja. Usijiunge na mitano kwa tamaa, maana kila mmoja utakuletea kazi yake na kila kazi ina tarehe ya mwisho, mara nyingi wiki moja au mbili. Kazi ambayo kompyuta ya kisasa inaimaliza kwa saa chache inaweza kuchukua siku kadhaa kwa Atom. Njia ya kujua ni kupima. Mara tu mashine inapopokea kazi ya kwanza, bofya kitufe cha kuuambia mradi usilete kazi mpya, kisha iache imalize hiyo moja. Puuza makadirio ya muda inayokuonyesha mwanzoni. BOINC inajifunza mwendo wa mashine yako kadiri kazi zinavyokamilika, na ya kwanza huwa ni kubahatisha tu. Kazi ikikamilika kabla ya nusu ya muda uliopewa, ruhusu nyingine. Ikikaribia tarehe ya mwisho, tafuta mradi wenye vipande vifupi zaidi. Na weka akiba ya kazi iwe ndogo kabisa, sehemu ya kumi ya siku inatosha.

N270 ina kiini kimoja kinachojionyesha kama viwili, kwa hiyo BOINC itachukua kazi mbili kwa pamoja. Kwa gigabaiti moja ya memori, kazi mbili pamoja na mfumo wenyewe zinaweza kuifanya mashine ianze kuhamishia vitu kwenye diski, na hapo kila kitu kinasimama. Weka kikomo cha prosesa kuwa asilimia 50, yaani kazi moja. Baada ya muda, ukiona memori inabaki, jaribu mbili. Kwa Atom, mbili kwa pamoja kwa kawaida hutoa mavuno zaidi kwa jumla ingawa kila moja inakwenda polepole. Kuna pia kikomo cha asilimia ya muda wa prosesa, ambacho hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima ukokotoaji kila baada ya sekunde chache. Kinasaidia kama joto halikubali kushuka.

Mpangilio mwingine ni ule wa kila baada ya sekunde ngapi kazi iandike ilipofika kwenye diski. Unakuja ukiwa sekunde 60. Kwa Eee PC zenye diski ndogo isiyozunguka, ya gigabaiti nne, kuandika kila dakika ni kuichosha bure, na wengi hushauri kupandisha mpaka sekunde 600. Sawa kwa aliye na umeme wa uhakika. Wewe mwenye mgao na betri iliyokufa, kila umeme ukikatika utapoteza mpaka dakika kumi za kazi. Chagua lipi linakuuma zaidi. Kwangu mimi sekunde 300 ni mahali pazuri pa kukutana.

Sasa kioo. Eee PC ya kwanza ina pikseli 800 kwa 480; nyingi zilizofuata ni 1024 kwa 600. Dirisha la mipangilio la BOINC linaweza kuwa refu kuliko kioo, na vitufe vya kukubali na kufuta vikabaki chini, nje ya macho. Unabadilisha kila kitu halafu huna pa kubofya. Kwenye mazingira mengi ya Linux, shikilia Alt, weka kipanya popote ndani ya dirisha na ulivute kwenda juu. Litapita ukingo wa kioo na vitufe vitajitokeza. Kwenye Windows, bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, kisha M, kisha mishale. Mara nyingi hata Enter peke yake inatosha kukubali. Ficha na ule mstari wa chini wa programu ili upate pikseli za ziada.

Lakini dawa ya kweli ni kuacha kukitegemea kioo hicho. BOINC ni vitu viwili: ile injini inayokokotoa kimya kimya, na dirisha la kuisimamia. Injini haihitaji dirisha. Ukimaliza kuweka mipangilio, funga dirisha, uokoe memori. Anayetaka kuchungulia anaweza kutumia boinctui, inayoonyesha kila kitu kwa maandishi matupu na inaenea vizuri kwenye inchi saba. Au fungua ukurasa wa akaunti yako ya mradi kwa simu, weka mipangilio huko, na mashine itaifuata itakapowasiliana na seva. Ila angalia: ukishabadilisha mipangilio kwenye mashine yenyewe, hiyo ndiyo itakayoshinda, na ya kwenye tovuti haitafuatwa mpaka ufute ya ndani. Watu wengi hubofya kwenye simu wiki nzima wakishangaa kwa nini hakuna kinachobadilika.

Mwenye kompyuta nyingine nyumbani anaweza kuisimamia hii ndogo kutoka kwenye ile kubwa. Unaandika anwani ya kompyuta kubwa kwenye faili la remote_hosts.cfg la mashine ndogo, nenosiri liko kwenye gui_rpc_auth.cfg humo humo, na mlango ni namba 31416, tarakimu za mwanzo za pai zikikadiriwa, utani wa walioiandika programu. Fanya hivyo ndani ya mtandao wa nyumbani tu.

Zima kile kipamba kioo chenye michoro ya nyota zinazozunguka. Kinapendeza, lakini kinakula prosesa iliyopaswa kukokotoa. Kioo kizimike chenyewe baada ya dakika moja, na mashine iambiwe isilale kamwe ikiwa kwenye chaja. Usiifunike kabisa kama kibodi yake hupata moto, kwa sababu baadhi ya mashine hizi hupumulia huko. Iweke juu ya meza ngumu, siyo kitandani wala juu ya zulia.

Kwa wa bando: BOINC ina sehemu ya kuweka ukomo wa megabaiti kwa siku kadhaa, na saa ambazo inaruhusiwa kutumia intaneti. Tumia zote mbili. Weka saa za usiku kama bando lako la usiku ndilo la bei nafuu. Siku ya kwanza itapakua zaidi, programu ya mradi na mafaili yake. Baada ya hapo hupungua, ingawa miradi hutofautiana sana, kwa hiyo tazama orodha ya upakuaji siku mbili tatu za mwanzo kabla ya kuiamini.

Na iwe mashine yako. Kompyuta za ofisi, za shule au za duka la intaneti la mjomba zinahitaji ruhusa ya mwenyewe, hata kama nia ni njema, kwa kuwa umeme na bando si vyako.

Ikitokea ukachoka, au mashine ikafa kidogo kidogo, usiizime tu na kuirudisha kabatini ikiwa na kazi ndani. Ingia, uuambie mradi usilete kazi mpya, acha iliyoko mkononi iishe, na kama haiwezi kuisha basi ighairi kwa kitufe chake. Seva itampa mtu mwingine kipande hicho siku hiyo hiyo, badala ya kukisubiri kutoka kwako wiki mbili.